Mahari Niliyoiona Kwenye Kioo cha Kompyuta

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na sita. Mimi ni fundi cherehani hapa Buyenzi, Bujumbura. Nimeolewa mara moja, nimeachika mara moja, na sina mtoto. Najua wengi wenu mtasema kuachika si habari mpya... Ni kweli. Lakini subirini msikie nilivyojifunga kamba kwa ulimi wangu mwenyewe, tena siku ya furaha yangu, mbele ya mashahidi!

Wa kucheka, acheke. Mimi nilikwisha kulia kwa niaba ya wote.

Nianze na mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa baba na mama. Jina lake Mariamu. Asubuhi alikuwa muuza samaki, alasiri alikuwa mwimbaji wa harusi. Katika mtaa wetu hapakuwa na bibi harusi aliyetolewa nyumbani kwao bila sauti ya Mariamu. Alikuwa anatunga nyimbo huku anaparua samaki, na mimi ndiye nilikuwa msikilizaji wake wa kwanza. Nikikunja uso, alikuwa anabadilisha ubeti.

Samaki alikuwa anawafuata Ruziba, alfajiri, kwa barabara ya kando ya ziwa. Ninyi mliokuwa hapa miaka ile ya vita mnaijua barabara hiyo. Unapita leo, kesho unasikia wenzako wamevamiwa palepale ulipopita. Mama alikuwa anajua. Ndiyo maana siku moja alichukua redio kaseti yetu, akaweka kaseti mpya, akabonyeza, akaniimbia wimbo wa harusi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, sina hata mchumba! Nilimuuliza haraka ya nini. Akanijibu, "Mi sijue kama nitarudi kila siku, mutoto wangu. Wacha nikuimbie mapema. Siku yako ikifika, we ufungue tu."

Miezi michache baadaye hakurudi. Walimkuta njiani pamoja na wanawake wengine wawili, na beseni la samaki wa mukeke limemwagika barabarani... Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Alichoniachia ni kaseti tisa. Nane zilikuwa za nyimbo zake za harusi za watu. Ya tisa ilikuwa yangu. Nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka chini ya nguo, na mara mojamoja nilikuwa nasikiliza zile nane. Lakini kaseti ni kama kanga, kila ukiifua rangi inapungua. Mwaka baada ya mwaka sauti ya mama ilikuwa inafifia, na ile ya tisa niliogopa kabisa kuifungua. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii: siku nitakapotoka nyumbani kama bibi harusi, nitolewe na sauti ya mama yangu. Je, nilikuwa naomba makubwa?

Nikakutana na Swedi.

Swedi alikuwa na miaka thelathini, mtanashati, maneno matamu kama halua. Alikuwa anafanya kazi katika duka dogo la mjini, wanatengeneza kompyuta na kurekodia watu kaseti za muziki. Alikuja kwangu kupunguza suruali. Suruali moja aliifuata mara nne! Shoga zangu wakanitania kwamba mguu wa huyu bwana unakua na kufupika kila wiki. Mimi nilikuwa nacheka, na moyo ulikuwa umekwisha kwenda zamani.

Aliponiomba nimtajie mahari, sikusitasita. Kwetu Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi, yeye ndiye anayeitaja, na ikishaingia mkononi mwake ni yake. Wenzangu walikuwa wanataja vitanda, cherehani, mikufu. Mimi nilikuwa nimemshonea msichana mmoja aliyekuja likizo kutoka Ulaya, na shingoni alikuwa amening'iniza kile kifaa cheupe cha muziki, chembamba kama sabuni iliyotumika, chenye gurudumu la kuzungushia kidole. Alinivalisha waya masikioni. Nyimbo elfu moja ndani ya kitu cha kushika kiganjani, na haziishi rangi! Siku ileile nilijua mahari yangu.

Nikamwambia Swedi: niletee kifaa kile, na ndani yake uniwekee nyimbo zote za mama. Basi. Sitaki kingine.

Baba mdogo Yusufu, ndugu wa baba yangu, fundi magari, ndiye walii wangu, wa kuniozesha. Aliguna. Alisema, "Hadija, mahari ya redio? We chagua kitu cha kushika, mwanangu." Nikamjibu kwamba kinashikika, tena kwa mkono mmoja.

Swedi aliniambia kifaa kiko njiani, binamu yake atakuja nacho kutoka Ubelgiji. Wakati tunasubiri, akasema, nimpe kaseti azihamishie kwenye kompyuta ya kazini, ili siku kifaa kikifika ni kumimina tu. Nikampa zote tisa. Nilimkabidhi na kitambaa chake.

Baada ya wiki moja akaniita dukani. Wasomaji wenzangu, nilichokiona kilinitoa machozi! Katikati ya kioo cha kompyuta palikuwa na kile kifaa cheupe. Kilekile! Dirisha lake dogo la juu, gurudumu lake la chini. Alinieleza kuwa ni programu, imetengenezwa iige sura ya kifaa chenyewe, na mwenzake mmoja amempa kwenye diski. Ukizungusha gurudumu kwa kipanya, majina ya nyimbo yanashuka na kupanda kwenye lile dirisha, na kila jina linalopita linalia tik... tik... tik. Pale juu kabisa pameandikwa MARIAMU.

Majina yenyewe nilimtajia mimi, moja moja, naye akawa anachapa. Nikazungusha nikayasoma yote. La mwisho lilikuwa "Wimbo wa Hadija".

Akabonyeza la kwanza. Mama akaimba! Sauti safi, mkwaruzo hamna. Nikakaa juu ya boksi la kompyuta. Swedi akanifuta machozi kwa leso yake, akaniambia, "Unaona? We apana ogopa. Mama yako hatapotea tena."

Kwa nini sikumwambia abonyeze la pili? Nimejiuliza mara elfu! Jibu ni dogo tu. Siku ileile jioni mwezi ulionekana, Ramadhani ikaingia. Nyumbani kwetu mwezi wa toba muziki haufunguliwi, hata wa harusi, hata wa marehemu mama. Mara mbili nilipita dukani nikiwa nimefunga, nikazungusha gurudumu, nikasoma majina, nikasikia zile tik tik, nikaridhika. Kuangalia si kusikiliza, nilijiambia, kuangalia hakuvunji saumu. Nikamshukuru Mungu nikaenda zangu kukaanga sambusa.

Na ndoa yetu, kama ndoa nyingi za hapa, ilipangwa mara baada ya Idi.

Siku ya ndoa, asubuhi, Swedi akaja dirishani kwangu. Nilikuwa na hina mikononi hata pazia siwezi kulishika. Akanong'ona kwamba binamu amechelewa ndege, kifaa kitafika wiki ijayo. Nikamwambia basi tumweleze baba mdogo ukweli, mahari iandikwe kuwa bado. Akaanza kunisihi. "Hadija, we unataka niaibike mbele ya watu? Kifaa si umekiona? Nyimbo si ziko ndani? Sema imefika. Wiki moja ni nini kati ya mutu na bibi yake?"

Nikafikiri. Sheikh alikuwa na ndoa nyingine mbili siku hiyo. Pilau ilikuwa jikoni. Na amri ya kutotembea usiku ilikuwa bado ipo, kila kitu lazima kiishe jua likiwa juu. Nani anataka kuwa bibi harusi mkorofi?

Baba mdogo akaingia chumbani na mashahidi wawili. Akaniuliza kama namkubali Swedi. Nikasema namkubali. Akaniuliza kama mahari niliyoitaja, kifaa cheupe cha muziki, imefika.

Nikasema, "Imefika."

Neno moja! Mashahidi wakatikisa kichwa, wakatoka.

Alasiri wanawake walijaa uani. Swedi alileta ile kompyuta, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha maua, ikaunganishwa na spika mbili kubwa. Watoto walirundikana kuona kile kifaa cheupe kwenye kioo. Nilisimama mlangoni nimefunikwa ushungi, tayari kutoka. Shoga zake mama, waimbaji wenzake wa zamani, walikaa mbele kabisa na ngoma zao kwenye mapaja, hawapigi, wanamsubiri Mariamu.

Swedi akazungusha gurudumu. Tik, tik, tik... mpaka mwisho. "Wimbo wa Hadija". Akabonyeza.

Kwenye lile dirisha dogo, mstari ukaanza kutembea. Sekunde moja, mbili, kumi. Jina la wimbo linaonekana, dakika zinahesabika, kila kitu kinaonyesha mama anaimba... na uani kimya! Tulisikia masufuria ya jirani. Watu wakaangalia spika. Swedi akainama kwenye nyaya, akachomoa, akachomeka, jasho linamtoka. Akarudi kwenye wimbo wa kwanza, spika zikapasua sauti ya mama hadi barabarani! Akaenda wa pili. Kimya. Wa tatu. Kimya. Mstari unatembea tu.

Bibi mmoja, Mungu amrehemu, alishika ngoma yake akaanza wimbo mwingine wowote kuficha aibu. Nikatolewa nyumbani kwa wimbo huo. Nililia sana, na wageni wakasema angalieni bibi harusi alivyo na adabu, analilia nyumba ya kwao.

Tulihamia Carama, nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na mashamba ya mihogo. Usiku wa kwanza sikuuliza kitu. Siku ya tatu nikauliza. Akasema ni virusi, vimekula sauti vikaacha majina. Nikamwambia basi nirudishie kaseti zangu. Akasema ziko kazini, kabatini kwa patroni, mwenye duka, patroni amesafiri na ufunguo. Wiki ikapita. Patroni karudi, ufunguo umepotea. Wiki nyingine... na binamu wa Ubelgiji naye hana ndege hadi leo! Kila nikiuliza ananikumbatia. Mwanaume anayekukumbatia kila ukimuuliza swali, mwogope.

Jirani yetu alikuwa Mama Nadine, Mkristo, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwema kabisa. Jumamosi moja tulikuwa tunafua pamoja uani kwake, redio kaseti yake iko dirishani inapiga muziki wa kucheza, ngoma za kizazi kipya. Upande ukafika mwisho. Muziki ukakatika. Pakawa na mchakacho kidogo, halafu mwanamke akamalizia neno la mwisho la wimbo, akacheka, akasema:

"Zimisha, zimisha! Bugali inaungua!"

Tak. Kaseti ikaisha.

Niliachia shati ndani ya maji. Mama Nadine akacheka, akaniambia kwamba hata watoto wake wanampenda yule mama wa bugali, kila upande huo ukiisha wanamngoja. Akanieleza kaseti hiyo mumewe aliinunua wakati wa Idi, katika duka moja la mjini.

Mimi nilikuwepo siku ile bugali, ugali wetu, ilipoungua! Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimekaa miguuni pa mama wakati ananiimbia wimbo wangu. Ndivyo ulivyoisha. Nikaomba niione kaseti. Juu palibandikwa karatasi mpya yenye majina ya wanamuziki. Nikaibandua kwa kucha. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mama: *Ya Hadija*.

Sikuzimia. Nilitamani nizimie! Nilikaa chini kwenye tope la sabuni nikaomba arudishe tena, na tena, na tena. Muziki mpya ulikuwa umefunika kaseti nzima, ukapungukiwa kidogo tu mwishoni. Basi wimbo wa harusi yangu nimebakiwa na neno moja, kicheko, na bugali.

Swedi aliporudi nilimwekea kaseti mezani. Nilidhani atakana. Hakukana. Alivua viatu kwanza.

Alisema ile kompyuta haikuwa na virusi. Kuhamisha kaseti, ikiwa ni ya saa nzima basi unakaa saa nzima, huna njia ya mkato, na umeme ukikatika unaanza upya. Alihamisha wimbo mmoja, akachoka. Halafu oda za Idi zikajaa. "Kaseti mpya zilikuwa zimekwisha mu mji muzima," akaniambia. "Nikatumia zile. Nilisema nitakutafutia zingine..."

Nikamuuliza: na yale majina yote niliyokutajia? Akaangalia chini. Alirekodi ukimya wa dakika nne, akaunakili mara nyingi, akaupa kila ukimya jina la wimbo wa mama yangu. Siku ya harusi alitegemea tulaumu nyaya.

"Nilitaka tu ufurahi, Hadija," akasema.

Nifurahi! Mtu anazika sauti ya mama yako mara ya pili, halafu anakuambia alitaka ufurahi? Binamu wa Ubelgiji naye je? Hakuna binamu. Hajawahi kuwepo!

Nilizunguka Buyenzi na Bwiza nikigonga milango ya watu niulize nani alinunua kaseti za Idi. Wengine walinionea huruma, wengine walidhani nimechanganyikiwa. Nilizipata mbili. Zilikuwa zimefunikwa mpaka sekunde ya mwisho.

Nikarudi kwa baba mdogo, nikamwambia siwezi kulala chumba kimoja na mtu yule. Tukaenda kwa sheikh. Swedi alikataa kutoa talaka, akasema ananipenda. Sheikh, mtu mpole, akanieleza kuwa mwanamke akitaka kujitoa mwenyewe, njia ipo, inaitwa khului. Lakini lazima arudishe mahari aliyopewa.

Nikasema sikupewa kitu! Nilionyeshwa picha kwenye kompyuta!

Sheikh akawaita mashahidi wawili. Wakaulizwa nilisema nini siku ile chumbani. Wakajibu ukweli, kwamba nilisema imefika. Swedi akaulizwa kama alitoa. Alinitazama usoni, yule niliyempelekea futari mwezi mzima tukiwa wachumba, akajibu, "Mwenyewe alisema imefika, sheikh. Mi niongeze nini?"

Baba mdogo alitoka nje bila kuaga. Sheikh akaniambia kwa upole, "Binti yangu, ulimi wako ulishuhudia kabla yetu."

Majuto ni mjukuu, wasomaji wenzangu, na wangu nimembeba mgongoni.

Nilirudi kwenye cherehani. Mwaka ule vita vilikuwa vimefika ukingoni, serikali mpya ikafuta karo ya shule za msingi, na kila mzazi akataka sare. Nikashona sare za watoto wa watu mpaka kanyagio likanitoboa soli ya kiatu. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anaenda Dubai nilimpa pesa yote, akaniletea kile kifaa. Cha kweli! Kiko ndani ya boksi lake, cheupe, kinang'aa. Nilikaa nacho alasiri moja. Nikakishika. Nikazungusha gurudumu kwa kidole changu, likalia tik... tik... na ndani hamna hata jina moja.

Kesho yake tulikutana kwa sheikh. Nilimkabidhi Swedi mahari ambayo hakuwahi kunipa. Nawaapia, mpaka dakika ile nilidhani atakataa. Nilidhani binadamu ana mahali anapofika akaona aibu.

Alikipokea. Akafungua boksi, akakigeuzageuza kwenye mwanga kuangalia kama kina mikwaruzo. Kisha akaniuliza:

"Chaja yake iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa chini ya boksi.

Dada zangu, mnaosoma haya mkiwa na wachumba wenye maneno matamu, sisemi msipende. Pendeni! Lakini siku utakapofunikwa ushungi, na walii wako akakuuliza kama mahari imefika, usimwonee mtu haya, usiogope pilau itapoa, usijali sheikh ana safari. Uangalie mkono wako kwanza. Ukiwa mtupu, sema ni mtupu, hata kama watu wote wanakusubiri uani. Mimi nilisema neno moja kumfichia mtu aibu, na huyo mtu aibu yenyewe hakuwa nayo.